Taifa Linadaiwa na Muuguzi Wake

Kila inapofika Mei Mosi, Siku ya Wafanyakazi, idara za Serikali, mashirika ya umma, shule na hospitali huwatangaza wafanyakazi wao bora. Katika hospitali, jina linalotoka vinywani mwa wafanyakazi wenzake mara nyingi huwa ni la muuguzi ambaye hana cheo kikubwa wala ofisi. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 12 Mei, wauguzi wenyewe huadhimisha siku yao duniani kote. Hapa Tanzania huvaa sare zao, huwasha mishumaa na kukariri kiapo chao hadharani. Hotuba hutolewa, vyeti hugawiwa, picha hupigwa. Kesho yake asubuhi muuguzi aliyesifiwa hurudi wodini.

Mazungumzo haya yanahusu hiyo kesho yake asubuhi.

Ni vema kwanza kujiuliza wafanyakazi wenzake wanaona nini kwa muuguzi wa namna hiyo hata wakamteua yeye na kumwacha mwingine. Mgonjwa humwona kwa siku chache, tena akiwa katika maumivu. Mganga Mfawidhi humwona anapopita wodini na kundi la wasaidizi wake. Shahidi wa kweli ni muuguzi mwenzake anayekuja kupokea zamu asubuhi. Huyo hukuta shuka za mgonjwa asiyejiweza zimebadilishwa. Hukuta chati ya joto imejazwa kwa saa zote za usiku bila kubuni, dawa zimetolewa kwa wakati wake, na zile zilizokwisha zimeandikwa ili ziagizwe. Hukuta bibi kizee asiye na ndugu amelishwa uji. Na kama kuna aliyefariki alfajiri, hukuta amesitiriwa kwa heshima, na jamaa zake wameambiwa habari hiyo wakiwa wamekaliwa karibu, kwa sauti ya upole, wala si kwa kupigiwa kelele kutoka dirishani.

Mambo hayo hayana msimamizi. Saa tisa ya usiku hakuna mkubwa anayekagua, wala hakuna mwandishi wa habari. Ndiyo maana sifa anayopewa mfanyakazi na wenzake ina uzito kuliko sifa anayopewa na mkubwa wake, kwani wenzake wanajua alivyo wakati hakuna anayemtazama. Wanajua pia kwamba huruma yake si machozi. Machozi ni rahisi. Huruma ya muuguzi ni kazi: kuinua, kuosha, kufunga, kuhesabu, kuandika, na kurudia yote hayo kwa mgonjwa wa arobaini kwa moyo ule ule aliokuwa nao kwa mgonjwa wa kwanza.

Sasa linakuja swali ambalo halina budi kuulizwa. Je, Taifa likishamsifu muuguzi kwa huruma yake, likampa cheti na bahasha, huwa limemlipa? Historia ya uuguzi inajibu kwamba halijamlipa. Kwa kumsifu limekiri tu kwamba linadaiwa.

Tarehe 12 Mei ilichaguliwa kwa sababu ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwanamke wa Kiingereza, mwaka 1820. Dunia humkumbuka akiwa na taa mkononi, akipita usiku kati ya vitanda vya askari wagonjwa na majeruhi wa Vita vya Crimea katika hospitali ya Scutari, nchini Uturuki. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Alipofika huko mwezi Novemba 1854 akiongoza kundi la wauguzi, askari waliendelea kufa kwa wingi, na wengi wao waliuawa na maradhi ya kuhara, kipindupindu na homa kuliko risasi za adui. Chini ya jengo la hospitali mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba. Vifo vilipungua sana baada ya mwezi Machi 1855, wakati Tume ya Usafi iliyotumwa na Serikali ya Uingereza ilipoizibua mifereji ile, ikaondoa uchafu na kuingiza hewa safi katika majengo.

Nightingale alilishika somo hilo. Aliporudi kwao alitumia miaka mingi kukusanya hesabu za vifo, kuzichora ili hata asiyependa tarakimu azielewe, na kuziweka mbele ya wakubwa wa Serikali. Mwaka 1860 shule ya wauguzi iliyobeba jina lake ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas, London. Wale wanaoishia kwenye taa hawajamwelewa mama huyo. Taa ilimfariji askari, lakini kilichompunguzia kifo ni mfereji uliozibuliwa, na mfereji huzibuliwa na wale wenye mamlaka na fungu la fedha.

Afrika ina somo lake lenyewe kuhusu jambo hili, nalo ni chungu zaidi.

Mwishoni mwa mwezi Agosti 1976, mwalimu mmoja wa shule ya misheni katika kijiji cha Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule na ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alishikwa na homa. Alikwenda katika hospitali ya misheni, akadhaniwa ana malaria, akachomwa sindano ya klorokwini. Baada ya siku chache homa ilirudi kwa ukali na kutokwa na damu, naye akafariki. Hospitali ile ilikuwa na vitanda 120 na watumishi 17 wa tiba, baadhi yao wakiwa masista kutoka Ubelgiji. Wananchi walitembea mwendo mrefu kuifuata, kwa kuwa palikuwa na dawa na watu wenye moyo wa kuhudumia. Kila asubuhi wahudumu wa wagonjwa wa nje walipewa mabomba matano ya sindano. Yalikuwa matano tu, kwa siku nzima, kwa mamia ya watu waliopanga foleni. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine sindano zilisuuzwa katika maji ya vuguvugu.

Kwa sindano hizo, na kwa mikono mitupu iliyowauguza na kuwazika wagonjwa, ugonjwa ambao haukuwa na jina ulienea. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao walikufa. Watumishi 11 kati ya wale 17 walikufa, na ilipofika tarehe 30 Septemba hospitali ilifungwa. Baadaye ugonjwa ulipewa jina la mto Ebola, ulioko katika eneo hilo. Watumishi wale hawakuwachukia wagonjwa wao. Walikuwa na huruma tele na sindano tano.

Kabla hospitali haijafungwa, sista mmoja aliyekuwa mgonjwa alisafirishwa kwa ndege hadi mji mkuu, Kinshasa, akalazwa katika zahanati kubwa ya Ngaliema. Hapo alikabidhiwa mikononi mwa wauguzi wa mjini, na mmoja wao alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Mayinga N'Seka. Mayinga alimuuguza mgonjwa yule hadi mwisho wake. Hakuna aliyeweza kumwambia ni ugonjwa gani, kwa sababu hakuna daktari yeyote duniani aliyekuwa akiujua.

Muda si mrefu Mayinga naye akashikwa na homa. Wakati huo alikuwa akitazamia kwenda ng'ambo kwa masomo zaidi. Akiwa tayari hajisikii vizuri alizunguka mjini akifuatilia hati zake za safari na kutafuta tiba, kabla hajalazwa katika Ngaliema ile ile alikokuwa akifanya kazi. Alifariki mwezi Oktoba 1976.

Habari za kuzunguka kwake zilipojulikana, hofu ilitanda. Watu waliokutana naye walitafutwa na kutengwa, na wapo waliomnung'unikia kana kwamba alikuwa mkosaji. Lakini siku zilipokwisha, ilionekana kwamba hakuna hata mmoja aliyeambukizwa naye. Wataalamu walipata hapo ukweli ambao umethibitishwa mara nyingi tangu siku zile: ugonjwa huu hauruki barabarani. Huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa. Humpata anayemsogelea mgonjwa, anayemgeuza, anayemfuta matapishi, anayemfumba macho akifariki. Kwa maneno mengine, huwapata kwanza wenye huruma. Kadiri muuguzi anavyokuwa mwema, ndivyo anavyokuwa karibu na kifo, kama hana kinga.

Leo jina la Mayinga linajulikana katika maabara za dunia nzima, kwa kuwa virusi vilivyopatikana katika damu yake vilipewa jina lake. Mwanasayansi akisema Mayinga, mara nyingi huwa anataja aina ya kirusi. Chanjo mojawapo ya Ebola iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2020 ilitengenezwa kwa kutumia taarifa za kirusi hicho. Ni jambo jema kwamba damu yake inawakinga wengine. Lakini ni aibu kwa wanadamu kwamba muuguzi aliyekufa kwa kumhudumia mgonjwa anakumbukwa kwa jina la ugonjwa uliomuua, na si kwa kazi aliyokuwa akiifanya. Kama kuna mtu anayestahili kutajwa wauguzi wa Afrika wanapowasha mishumaa yao, basi ni huyo.

Wapo watakaosema kwamba hayo yalikuwa majaliwa, na kwamba muuguzi ni kama askari, kifo ni sehemu ya kazi yake. Hoja hiyo haina msingi, na ushahidi unatoka Kongo hiyo hiyo. Mwaka 1995 Ebola ilizuka katika mji wa Kikwit. Kati ya wagonjwa 315, wapatao 80 walikuwa watumishi wa afya. Vifaa vya kujikinga vilipofika, yaani mipira ya mikono, magauni na barakoa, na watumishi wakafundishwa kuvitumia, maambukizo miongoni mwao yalikoma karibu kabisa. Ugonjwa ulikuwa ule ule na huruma ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba boksi la vifaa lilifika. Wakati wa mlipuko wa Afrika Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016, nchi za Gine, Liberia na Sierra Leone zilikuwa na upungufu mkubwa wa vifaa hivyo hivyo, na watumishi wa afya zaidi ya 500 walipoteza maisha.

Pamoja na vifaa, muuguzi anahitaji kiongozi. Mwezi Oktoba 2000 ugonjwa huo ulizuka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Daktari Matthew Lukwiya, mkuu wa Hospitali ya St. Mary's Lacor, alikuwa masomoni Kampala. Alipopata habari kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa, alirudi mara moja, akasoma kadi za wagonjwa, akafungua wodi ya kutengea wagonjwa hata kabla maabara haijathibitisha ugonjwa. Mwezi Novemba wauguzi walipoanza kufa mmoja baada ya mwingine, wenzao walikusanyika wakiwa na hasira na majonzi, na ilikuwa dhahiri kwamba hospitali ingeweza kufungwa. Lukwiya hakuwatishia kuwafukuza kazi. Aliwaendea, akakaa nao kwa saa nyingi, akawasikiliza, na nao wakarudi wodini. Waliweza kurudi kwa sababu walijua kwamba mtu anayewaomba warudi yumo wodini pamoja nao. Yeye mwenyewe aliambukizwa, yaaminika alipokuwa akimsaidia usiku muuguzi mwanamume aliyekuwa mahututi, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Katika mlipuko huo watu 425 waliugua na 224 walikufa, wakiwamo watumishi zaidi ya kumi wa hospitali ile moja.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye majivuno na dharau kwa wale wanaowaongoza. Anayetaka kujua kiongozi asiye na mambo hayo yukoje katika mahali pa kazi, na amtazame daktari yule katika mkutano ule na wauguzi wake.

Wala Mtanzania asidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo ya mpaka. Mwezi Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola, katika Mkoa wa Kagera. Kabla ya kutangazwa kwisha kwake tarehe 2 Juni mwaka huo, watu tisa walikuwa wameugua na sita walikuwa wamefariki. Mmoja wa waliofariki alikuwa mtumishi wa afya. Mlipuko ulidhibitiwa kwa haraka, na sifa ni ya wale waliofuatilia nyumba kwa nyumba. Lakini kabla ugonjwa haujapewa jina, anayekutana nao kwanza ni mhudumu wa zahanati au muuguzi wa zamu, na kinga aliyo nayo saa ile ni ile tu ambayo mtu mwingine, katika ofisi nyingine, aliiagiza miezi mitatu iliyopita.

Hapo ndipo watumishi wa umma wasio wauguzi wanapohusika. Hati ya kuagiza mipira ya mikono inapolala mezani kwa wiki tatu kwa sababu afisa yuko semina, hakuna anayeona damu. Mezani kuna karatasi tu. Faili la muuguzi anayestahili kupandishwa cheo linapopotea masijala, hakuna anayesikia kilio. Posho ya zamu ya usiku inapocheleweshwa, mhasibu hulala usingizi wake bila taabu. Kila mmoja wa maafisa hao, akiulizwa, atasema kwamba anawaheshimu sana wauguzi, na huenda Mei Mosi alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Lakini heshima ya afisa ugavi kwa muuguzi imo katika bohari, heshima ya mhasibu imo katika hundi, na heshima ya afisa utumishi imo katika faili.

Itasemwa kwamba nchi ni maskini. Ni kweli, na hakuna sababu ya kuficha. Lakini umaskini haueleze yote. Ofisi inayopata fedha za maturubai, fulana, kofia na vinywaji kwa ajili ya sherehe ya kumpongeza muuguzi, huku wodi yake ikiwa haina sabuni, haina tatizo la umaskini. Ina tatizo la kuchagua. Jozi ya mipira ya mikono ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika hospitali, na bado ndiyo inayotenganisha muuguzi aliye hai na jina katika orodha ya marehemu.

Walimu nao wana fungu lao. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walijifunza katika vikundi, wakisikiliza redio na kusoma vitabu, na wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Kazi ile ilionyesha kwamba elimu inaweza kumpunguzia muuguzi mzigo kabla mgonjwa hajafika hospitali. Mtoto anayefundishwa shuleni kunawa mikono, kuchemsha maji, na kutoa taarifa mapema nyumbani kunapotokea ugonjwa usioeleweka, anamkinga muuguzi ambaye hajawahi kumwona. Tena mwalimu asimcheke mvulana anayesema anataka kuwa muuguzi, wala asimwambie msichana hodari kwamba uuguzi ni kazi ya walioshindwa udaktari.

Haki inataka isemwe pia kwamba wapo wauguzi wasiostahili sifa hizi. Wapo wanaomfokea mama mjamzito, wapo wanaomwangalia mgonjwa mfukoni kabla ya kumwangalia usoni. Kuwafumbia macho ni kumdhulumu yule mwema, maana aibu yao humpaka na yeye. Njia moja ya kuwasuta ni kumfanya mwema awe kielelezo, apewe wanafunzi wa kuwalea, na sauti yake isikilizwe katika vikao vya hospitali. Muuguzi anayejua jina la kila mgonjwa hujua pia ni dawa gani imekwisha na ni kitanda gani kimevunjika. Asiishie kupigiwa makofi. Aulizwe.

Ndugu wananchi, wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Muuguzi mwenye huruma amecheza kwao, usiku kucha, mbele ya watu wasioweza kumpigia makofi. Atunzwe basi. Mei ijayo, kabla Mganga Mfawidhi hajatia sahihi cheti cha muuguzi bora, na aingie kwanza katika stoo ya wodi anayofanyia kazi muuguzi huyo, ahesabu mipira ya mikono, sabuni na sindano zilizomo, na hesabu hiyo isomwe hadharani katika sherehe pamoja na jina lake. Wageni wa heshima watajua hapo hapo kama wanastahili kupiga makofi.